Maandamano Huanzia Kwenye Barua

Anayeingia Tunduma kwa barabara ya kutoka Mbeya hukutana na malori kabla hajaukuta mji. Foleni huanza mbali, siku nyingine tangu Mpemba: matangi ya mafuta, semi za saruji, makontena yanayokwenda Zambia na Kongo, yote yakisubiri zamu ya kuvuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Ubavuni mwake wanapita bodaboda, mama lishe na ndoo zao, vijana wa kubadilisha kwacha, watoto wa shule. Barabara kuu ni hiyo moja. Kwa hiyo mtu akisimama kijiweni na kusema "tuandamane tulinde kura zetu", swali la kwanza la msikilizaji makini ni hili: tunapita wapi?

Ni swali zito kuliko linavyoonekana, kwa sababu sheria ya nchi nayo inauliza hivyo hivyo. Mnapita wapi, saa ngapi, na mnakwenda kudai nini. Kikundi kisichoweza kuyajibu maswali hayo matatu kwa sentensi tatu hakijawa tayari kuingia barabarani, hata kama madai yake ni ya haki tupu. Makala haya ni ya kikundi kinachotaka kuyajibu. Inawezekana ni wanachama wa chama cha siasa, wafanyabiashara wa soko au vijana wa mtaa mmoja, wawe wa Tunduma, Vwawa, Mlowo, Itumba au Mkwajuni, hapa mkoani Songwe. Wameona majina yameachwa kwenye orodha, au mgombea wao ameenguliwa, au wakala wao amenyimwa fomu ya matokeo. Wanataka kulisema jambo hilo hadharani, mchana kweupe, na jioni kila mtu alale kwake.

Taarifa, si kibali

Neno linalosikika mara nyingi zaidi katika jambo hili ni "kibali". Wana kibali? Polisi wamewapa kibali? Hata viongozi wa vyama hulitumia. Sheria ya Tanzania haidai kibali, na tofauti hiyo ililetwa na kesi.

Zamani, kabla ya kukusanyika au kuandamana, ilibidi kuomba ruhusa serikalini. Mwaka 1993 Mchungaji Christopher Mtikila alifungua kesi Mahakama Kuu Dodoma kupinga sharti hilo pamoja na mengine. Mwaka 1994 Jaji Kahwa Lugakingira aliamua kwamba haki ya kukusanyika, ambayo ipo katika ibara ya 20 ya Katiba, haiwezi kuwa kitu cha kuombwa kwa ofisa anayeweza kukataa apendavyo. Sheria ikarekebishwa. Leo kifungu cha 43 cha Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi kinasema kwamba anayetaka kuitisha mkutano au maandamano mahali pa wazi atoe taarifa ya maandishi kwa ofisa wa polisi anayesimamia eneo hilo, si chini ya saa 48 kabla, akitaja mahali, muda na madhumuni. Akishatoa taarifa anaweza kuendelea na mpango wake, ila tu kama ofisa huyo atatoa amri kwamba maandamano yasifanyike. Na amri hiyo haitolewi kwa sababu tu ofisa hakupendezwa. Sharti aridhike kwamba kuna uwezekano wa kuvunjika kwa amani, kuhatarishwa kwa usalama wa watu, au mkusanyiko kutumika kwa jambo lililo kinyume cha sheria.

Vyama vya siasa vina kinga ya ziada: Sheria ya Vyama vya Siasa inavipa haki ya kufanya mikutano ya hadhara na kupewa ulinzi wa vyombo vya dola. Lakini kifungu cha 43 hakihusu vyama peke yake. Kinasema "mtu yeyote". Umoja wa wauza mazao wa Mlowo unaweza kuandika barua hiyo, na kikundi cha akina mama kumi wa Ileje vilevile.

Kuna jambo moja ambalo lazima lisemwe bila kupakwa rangi. Kama hamkutoa taarifa, au mmepewa amri ya kuzuia mkaendelea, mkusanyiko wenu unahesabika kuwa si halali. Kanuni ya Adhabu inatosheka na watu watatu tu kuliita kundi "mkusanyiko usio halali", wakiwa na nia ya kutenda kosa au wakijiweka katika namna inayowatia hofu majirani kwamba amani itavunjika.

Maandishi na yaliyotokea

Mwaka 2024 unatosha kuonyesha umbali uliopo kati ya kitabu cha sheria na barabara. Tarehe 24 Januari mwaka huo chama cha upinzani cha CHADEMA kiliandamana Dar es Salaam hadi ofisi za Umoja wa Mataifa, kikipinga miswada ya sheria za uchaguzi iliyokuwa bungeni na kulalamikia ugumu wa maisha. Taarifa ilitolewa, njia zikajulikana, polisi wakasindikiza, watu wakarudi nyumbani. Februari wakaandamana Mwanza, kisha Mbeya, kisha Arusha. Wengi wa Songwe wanaikumbuka ile ya Mbeya ya tarehe 20 Februari, kwa sababu ni mji wa jirani na nauli yake ni ya kawaida.

Miezi sita baadaye, katika mji huo huo wa Mbeya, Agosti 2024, chama hicho hicho kilitaka kuadhimisha Siku ya Vijana Duniani. Polisi walipiga marufuku na zaidi ya watu 500 wakakamatwa, viongozi wake Freeman Mbowe na Tundu Lissu wakiwemo. Septemba, maandamano yaliyopangwa Dar es Salaam kupinga utekaji yalizuiwa na viongozi wakakamatwa tena. Novemba ikawa zamu ya mkoa wetu: katika kampeni za serikali za mitaa, Mbowe na wenzake walikamatwa Songwe, na polisi wakasema ratiba ya kampeni ilikiukwa. Hapo kuna somo la kiutendaji. Wakati wa kampeni inaongezeka hati ya pili mezani, yaani ratiba iliyokubaliwa na msimamizi wa uchaguzi. Kuwa na barua ya polisi na kutoifuata ratiba ni kumkabidhi mpinzani wako fimbo.

Yapo ya kuhuzunisha zaidi. Zanzibar, tarehe 26 na 27 Januari 2001, wafuasi wa chama cha CUF waliandamana kudai uchaguzi wa mwaka 2000 urudiwe, baada ya serikali kupiga marufuku. Human Rights Watch ilihesabu waliouawa kuwa si chini ya 35, na Wazanzibari zaidi ya 2,000 walikimbilia Shimoni, Kenya. Kinondoni, Februari 2018, wafuasi wa CHADEMA walikuwa wakienda kwa msimamizi wa uchaguzi kudai hati za mawakala wao siku moja kabla ya uchaguzi mdogo. Polisi walifyatua risasi kuwatawanya, na risasi ikamuua mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji aliyekuwa abiria ndani ya daladala. Hakuwa mwandamanaji.

Kisha ikaja tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu. CHADEMA ilikuwa imezuiwa kushiriki tangu Aprili, Lissu alikuwa mahabusu kwa kesi ya uhaini, na mgombea urais wa ACT-Wazalendo, Luhaga Mpina, alikuwa ameenguliwa. Maandamano yalizuka Dar es Salaam na miji mingine, Tunduma ukiwa mmojawapo. Intaneti ikazimwa. Watu waliuawa, mali zikachomwa, mamia wakafunguliwa mashtaka ya uhaini. Mnamo Novemba Rais Samia Suluhu Hassan aliunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Zipo familia ambazo hadi leo zinakula chakula cha jioni na kiti kitupu mezani.

Sitaki msomaji afunge ukurasa akidhani ninasema barua ingewaokoa wote hao. Barua haizuii risasi, na anayefyatua risasi kwa raia asiye na silaha hawezi kujificha nyuma ya kosa la karatasi. Ninachosema ni kwamba barua inafanya kazi tatu ambazo hakuna kingine kinachozifanya: inamfanya ofisa mmoja mwenye jina na cheo awajibike kwa usalama wenu, inawatenganisha ninyi na yeyote atakayeingia katikati kuchoma na kupora, na inabaki kuwa ushahidi. Wito wa maandamano ya Desemba 9, 2025, uliosambazwa mitandaoni bila mtu wa kuusaini, polisi waliutangaza kuwa haramu kwa sababu nyepesi kabisa: hakuna aliyewapa taarifa inayotakiwa na sheria. Waitishaji waliwarahisishia kazi.

Jinsi ya kuiandika

Nenda steshenari yoyote yenye kompyuta na printa. Ukurasa mmoja unatosha. Juu kulia weka anwani yenu na tarehe. Chini yake, kushoto, mwandikie Mkuu wa Polisi wa Wilaya, yaani OCD, na kama hamna uhakika nani anasimamia eneo, ulizeni kituoni kabla ya kuandika. Kichwa kisomeke: YAH: TAARIFA YA MAANDAMANO YA AMANI. Msiandike "ombi la". Neno hilo moja linawarudisha kabla ya mwaka 1994.

Kisha mwili wa barua, kwa lugha kavu. Mfano: "Kwa mujibu wa ibara ya 20 ya Katiba na kifungu cha 43 cha Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi, tunakupa taarifa kwamba tutafanya maandamano ya amani siku ya Jumamosi, kuanzia saa 3:00 asubuhi hadi saa 6:00 mchana. Tutaanzia uwanja fulani, tutapita barabara fulani na fulani, na tutaishia mbele ya ofisi fulani, ambako tutakabidhi madai yetu kwa maandishi. Madhumuni ni kudai orodha ya wapiga kura ya mtaa wetu ibandikwe wazi kama kanuni zinavyotaka. Tunakadiria washiriki 200. Tutakuwa na waongozaji 20 watakaovaa vitambaa vyeupe mkononi. Tunaomba ulinzi na uongozaji wa magari." Malizeni kwa majina matatu, vyeo, namba za simu na sahihi.

Tazama dai lenyewe lilivyo. Ni moja, linahusu karatasi inayoonekana, na lipo ndani ya uwezo wa mtu anayepelekewa. "Tunataka haki" haliwezi kukabidhiwa kwa mtu. "Bandika orodha" linaweza, na kesho yake mtu yeyote anaweza kwenda ubaoni kuangalia kama limetekelezwa.

Toeni nakala tano. Moja ya OCD, ya pili ya Kamanda wa Polisi wa Mkoa wa Songwe, ya tatu ya msimamizi wa uchaguzi au ofisi mnayokwenda, na mbili zenu. Kituoni, msiondoke mapokezi mpaka nakala yenu igongwe mhuri wa kupokelewa, iandikwe tarehe na saa, na jina la aliyepokea lisomeke. Saa ni muhimu, kwa sababu zile saa 48 zinahesabiwa kuanzia hapo. Mhuri ukigongwa Alhamisi saa nane mchana kwa maandamano ya Jumamosi saa tatu asubuhi, mmeshachelewa. Pelekeni siku tano au saba kabla. Muda huo utawafaa pia kama mtakataliwa. Na kama mpokeaji hataki kugonga mhuri, andikeni papo hapo nyuma ya nakala: tarehe, saa, aliyekuwa zamu, alichosema, na mashahidi wawili wasaini. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na haki nayo ni mali.

Mkipewa amri ya kuzuia, ombeni iwe ya maandishi na itaje sababu. Mara nyingi jibu huwa "taarifa za kiintelijensia". Hapo msibishane mlangoni. Sheria inaruhusu kukata rufaa kwa Waziri wa Mambo ya Ndani, na Mahakama Kuu, ambayo kwa watu wa Songwe kwa miaka mingi imekuwa ile ya Mbeya, inaweza kuombwa iangalie kama amri ilitolewa kihalali. Njia nyingine ni kurudi mezani na OCD: hiyo njia ina tatizo, tubadilishe njia, siku hiyo kuna mgeni wa kitaifa, tusogeze siku. Kusogeza siku si kushindwa.

Marekani kuna mfano ambao watu huusimulia nusu. Tarehe 7 Machi 1965, watu kama 600 waliotoka Selma, jimbo la Alabama, kudai Wamarekani Weusi waandikishwe kupiga kura, walipigwa na askari darajani. Picha za siku ile zinajulikana dunia nzima. Kinachosahaulika ni kwamba viongozi wao walikwenda mahakamani, na Jaji Frank Johnson akaamuru serikali iruhusu matembezi na kuyalinda, huku akiweka kikomo cha watu 300 pale barabara ilipokuwa nyembamba. Wakakubali kikomo. Walitembea kilomita 87 hadi Montgomery, pungufu kidogo ya Tunduma hadi Mbeya mjini, wakafika tarehe 25 Machi. Agosti 6 mwaka huo sheria ya haki ya kupiga kura ikasainiwa. Walihesabu watu wao, wakapanga mahema ya kulala na magari ya chakula, na jalada lao lilikuwa mahakamani kabla miguu haijaondoka.

Tunapita wapi

Turudi kwenye foleni ya malori. Barabara kuu ya Tunduma ni mahali pabaya pa kuandamana, na sisemi hivyo kwa kuogopa kuudhi biashara. Mabomu ya machozi ni vitu vya moto, na moto pembeni ya tangi la petroli ni jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kuliona lori la mafuta likiwaka hahitaji kuelezwa. Zaidi ya hapo, kundi likitawanywa katikati ya semi zilizobanana halina pa kutokea. Watu watakanyagana au watapita chini ya matrela. Chagueni barabara za ndani ya mji zenye njia nyingi za kutokea, na kama lazima kuvuka barabara kuu, mvuke mahali pamoja, mkisaidiwa na askari wa usalama barabarani.

Itembeeni njia hiyo kwa miguu siku mbili kabla, saa ile ile mtakayopita. Angalieni shule iko wapi, zahanati iko wapi, wapi pana ujenzi wenye mawe na kokoto, maana mawe hayo ndiyo atakayoyaokota mchokozi. Maandamano ya saa tatu yapite kabla soko halijafurika.

Mpaka nao una masharti yake. Tunduma na Nakonde ni kama nyumba mbili zenye ua mmoja, ndugu wako pande zote, na njia za panya zinajulikana hata kwa watoto. Siku ya maandamano zisahauni. Anayekimbilia upande wa pili bila kugonga hati anaongeza kosa la uhamiaji juu ya tatizo alilonalo, na tena katika nchi ambayo hana haki ya raia. Na jirani wa Nakonde, hata awe shemeji yenu, asiingie kwenye msafara. Kura ni ya Mtanzania, na mgeni mmoja akikamatwa, habari ya jioni itakuwa yeye, si orodha mnayoidai.

Wenye umri chini ya miaka 18 wabaki nyumbani. Katika hilo mimi sina mjadala.

Siku yenyewe

Waongozaji ndio maandamano. Kwa kila watu kumi awepo mmoja anayewajua kwa sura, na kazi yake ni kuwaangalia hao kumi, si kupiga picha. Asiyefahamika akijichomeka na kuanza kutukana askari au kuokota jiwe, waongozaji wawili wasimame mbele yake na wengine waendelee kutembea. Hakuna fimbo, hakuna panga hata la mtu anayetoka shambani, hakuna mavazi yanayofanana na sare za majeshi. Maji ya kunywa, viatu vya kufunga, kitambaa. Namba ya simu ya ndugu na ya wakili iandikwe kwa kalamu kwenye mkono, juu ya kiwiko, kwa sababu simu inaweza kuchukuliwa na, kama Oktoba 2025 ilivyotufundisha, intaneti inaweza kuzimika.

Msemaji mmoja ndiye anayeongea na ofisa wa polisi. Amri ya kutawanyika ikitolewa kwa kipaza sauti, tii, hata kama unaamini ni amri mbovu. Anayebaki baada ya tangazo hilo anaingia kwenye kosa zito zaidi, na kuipinga amri mbovu kunafanyika mahakamani ukiwa hai na una ile nakala yenye mhuri. Tembeeni, msikimbie. Maji ya kuwasha yakikupata, oga kwa maji mengi safi na badilisha nguo. Moshi wa machozi, ondoka kuelekea upepo unakotoka, usisugue macho.

Anayepiga video apige yote, tangu mwanzo, na asitume kipande kisicho na mwanzo wala mwisho. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaadhibu usambazaji wa taarifa za uongo, na idadi ya waliojeruhiwa inayosambazwa kwa hisia imewaponza wengi.

Ukikamatwa, ukiumia

Usipigane wala usikimbie. Uliza sababu ya kukamatwa, maana sheria inamtaka askari akuambie. Taja jina lako kwa sauti ili waliopo wasikie. Kituoni una haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki, na una haki ya kukaa kimya mpaka awepo. Muda wa kawaida wa mahojiano ni saa nne, ukiongezwa kwa utaratibu maalumu, na ndani ya saa 24 unapaswa kufikishwa mahakamani au kupewa dhamana, isipokuwa kwa makosa mazito yasiyo na dhamana. Usisaini maelezo ambayo hujayasoma au hujasomewa. Mwanamke apekuliwe na askari mwanamke.

Dhamana ya polisi ni bure, na mabango ya vituoni yenyewe yanasema hivyo. Mdhamini aje na kitambulisho na barua ya mtendaji wa mtaa au kijiji. Ndiyo maana ni busara waratibu waandae wadhamini mapema, watu wanne au watano wenye makazi yanayojulikana, ambao hawataandamana siku hiyo. Wabaki mjini na simu zenye chaji.

Uhaini hauna dhamana. Vijana wengi waliokamatwa baada ya Oktoba 29 walikaa ndani kwa sababu hiyo, mpaka Rais alipoutaka upande wa mashtaka uwafikirie wale waliofuata mkumbo, na baadhi wakaachiwa. Mzazi anayesoma hapa aelewe kwamba kati ya kubeba bango na kuchoma ofisi kuna miaka ya maisha ya mtoto wake.

Aliyeumia apelekwe hospitali mara moja, na mwenzake aende polisi kuchukua fomu ya matibabu, PF3. Fomu hiyo ikijazwa na daktari siku ile ile, inazungumza mahakamani kuliko kovu. Kwa msaada wa sheria wapo wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa katika halmashauri, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, na Chama cha Wanasheria Tanganyika. Malalamiko dhidi ya chombo cha dola yanapokelewa na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora.

Kazi iliyopo kabla ya barabara

Kuna kitu huniuma kila uchaguzi. Watu wako tayari kupigwa kwa ajili ya kura, lakini hawakwenda kuangalia jina lao lilipobandikwa. Tanzania tuna orodha mbili, na kuzichanganya kumewanyima wengi haki. Daftari la Kudumu la Wapiga Kura lipo chini ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi na ndilo linalotumika kumchagua rais, mbunge na diwani. Orodha ya wapiga kura wa serikali za mitaa ni nyingine, huandikwa upya na wizara yenye dhamana ya serikali za mitaa, TAMISEMI, kila uchaguzi unapokaribia. Kwa uchaguzi wa Novemba 27, 2024 iliandikwa kwa siku kumi tu, Oktoba 11 hadi 20. Mwenye kadi ya mpiga kura aliyedhani kadi inatosha, alikosa kumchagua mwenyekiti wa mtaa wake.

Orodha zikibandikwa, mwananchi anaruhusiwa kuweka pingamizi: jina la marehemu limo, jina la asiye mkazi limo, langu halimo. Pingamizi liwe la maandishi, na nakala igongwe mhuri kama ile barua ya polisi. Watu kumi wenye pingamizi kumi zilizopokelewa wana jambo la kuandamania. Watu elfu moja wasio na hata moja wana hasira tu. Siku ya kura, wakala adai nakala ya fomu ya matokeo ya kituo chake, na wananchi waisome ile inayobandikwa. Matokeo ya ubunge yanaweza kupingwa Mahakama Kuu ndani ya siku 30 tangu kutangazwa. Ya urais, ibara ya 41(7) ya Katiba imeyafungia mlango wa mahakama, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, iliamua mwaka 2020 kwamba ibara hiyo inakiuka haki. Hadi uchaguzi wa 2025 ilikuwa bado haijabadilishwa. Hilo peke yake ni dai linalotosha barua moja, njia moja na Jumamosi moja.

Uchaguzi ujao wa serikali za mitaa ni mwaka 2029. Wewe uliye Sogea, Majengo, Chapwa au kule Ileje, tafuta wenzako watatu mnaoaminiana, wekeni faili moja, na karatasi ya kwanza kuingia humo iwe orodha ya wakazi wa mtaa wenu wenye miaka 18 au zaidi ambao majina yao hayakuwepo ubaoni mara iliyopita. Anzeni kuwaandika sasa, wakiwa bado wanakumbuka.